Semina, jumuiya ya shuleni au kozi ya mtandaoni? Njia tatu za kuwafunza walimu akili mnemba, Arusha na Moshi

Mtaaluma anayetaka walimu wenzake wajue kutumia akili mnemba (AI) katika kazi ya darasa hakosi pa kuanzia siku hizi. Wapo wawezeshaji wanaokodi ukumbi Njiro au Shanty Town kwa siku mbili na kutoa vyeti. Zipo jumuiya za kujifunza zilizoingia shuleni kupitia MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambazo hazidai ukumbi wala posho. Zipo pia kozi za mtandaoni, nyingine za bure kabisa. Kazi ni kuchagua, maana fungu la fedha ni dogo, walimu ni walewale, na muhula haumsubiri mtu.

Kufungua programu ya akili mnemba kama ChatGPT, Gemini au Copilot na kuandika swali hakuhitaji semina. Mwalimu anayetumia WhatsApp atakuwa ameshazoea ndani ya nusu saa. Kinachohitaji mafunzo ni kulikagua jibu: kujua limekosea wapi katika somo lako, kwa mtaala wako, kwa watoto ulionao mbele yako. Njia zote tatu zimepimwa hapa kwa jicho hilo.

Vigezo

Viko vitano. Cha kwanza ni gharama na muda, na hapa usihesabu ada ya mwezeshaji peke yake. Hesabu nauli, chakula na vipindi vitakavyobaki bila mwalimu. Cha pili ni vifaa na mtandao. Cha tatu ni mazoezi: mwalimu atashika kifaa mwenyewe kwa saa ngapi, na atashughulika na mada yake au na mada ya mfano? Cha nne ni kinachobaki mwezi mmoja baadaye. Cha tano ni mahali njia inapokwamia, maana kila moja ina pake.

Kwa upande wa maudhui kuna kipimo kilichokwisha kuandaliwa. Mwaka 2024 UNESCO ilitoa mwongozo wa umahiri wa walimu katika akili mnemba: umahiri 15, uliopangwa katika maeneo matano, yaani kumtanguliza mtu kuliko mashine, maadili, misingi ya teknolojia yenyewe, ufundishaji, na mwalimu kujiendeleza. Ratiba ya mafunzo ikiwa imejaa majina ya programu tu, kuanzia asubuhi hadi jioni, ujue imegusa eneo moja na kuacha manne.

Halafu kuna jaribio dogo la kumpa yeyote anayetaka kuwafunza walimu wako. Mwambie aonyeshe jinsi atakavyoshughulikia ombi hili la mwalimu wa darasa la tano:

"Mimi ni mwalimu wa Hisabati darasa la tano, shule ya msingi Tanzania. Nina wanafunzi 62, kipindi cha dakika 40, ubao na chaki tu. Mada ni kigawe kidogo cha shirika cha namba mbili. Niandalie maswali manane yanayopanda ugumu, mawili yahusu daladala au soko la Mbuyuni. Weka hatua na majibu mwishoni. Usitaje jina la kitabu wala ukurasa."

Jibu litakuja limepangika, lina namba na vichwa vya habari, na mpangilio huo ndio mtego. Tuseme swali moja linasema daladala za njia moja huondoka stendi kila dakika 12, za njia nyingine kila dakika 18, na zimeondoka pamoja saa 1:00 asubuhi. Zitaondoka pamoja tena saa ngapi? Jibu ni saa 1:36, baada ya dakika 36. Likija 6, programu imetafuta kigawo kikubwa cha shirika (KKS) badala ya kigawe kidogo cha shirika (KDS). Mkanganyiko huo ni rahisi kutokea, kwa kuwa programu hizi zimelishwa Kiswahili kidogo sana ukilinganisha na Kiingereza. Likija 216, imezidisha tu 12 kwa 18: ni kigawe cha shirika kweli, ila si kidogo. Na ile sentensi ya mwisho kuhusu kitabu haipo kwa bahati, maana ukiruhusu, programu itakutajia kitabu na ukurasa ambao haupo, bila kuona haya. Mwezeshaji anayesoma jibu hilo ubaoni na kuendelea na slaidi inayofuata pasipo kukokotoa swali hata moja, huyo mshukuru na umuage.

Semina ya siku mbili au tatu

*Gharama na muda.* Kwa hesabu ya siku, hii ndiyo ghali kuliko zote. Andika ada ya mwezeshaji, ukumbi, chai na chakula cha mchana, nauli, bando na uchapaji, kisha gawa kwa idadi ya walimu. Usiishie hapo. Walimu 12 wakitoka siku mbili za kazi, kila mmoja akiwa na vipindi vinne kwa siku, ni vipindi 96 visivyo na mwalimu. Ndiyo maana semina ina nafasi yake likizo ya Juni, au siku za mwisho za likizo ya Desemba kabla shule hazijafunguliwa Januari. Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa, Novemba kidato cha nne; huko usiguse.

*Vifaa na mtandao.* Hapa ndipo asubuhi nzima hupotelea. Walimu wengi wana barua pepe waliyofunguliwa na kijana wa stesheneri, na nywila hawaikumbuki. Kwa hiyo akaunti zifunguliwe na kujaribiwa wiki moja kabla, kila mtu kwa laini yake. Watu 30 wakijisajili kwa mpigo kupitia mtandao mmoja, baadhi ya huduma huwashuku na kuwafungia kwa muda. Simu nyingi zikigawa mtandao hukubali vifaa vinane hadi kumi tu, hivyo ukumbi wa watu 25 unataka ruta, au simu tatu, na laini zisiwe za kampuni moja. Vishikwambi walivyopewa walimu baada ya sensa ya 2022 vinatosha kabisa kwa kazi hii. Kikiwa kimejaa, tumia kivinjari badala ya kupakua programu mpya.

*Mazoezi.* Yanategemea idadi. Mwezeshaji mmoja anaweza kuwazungukia watu 20 hivi. Zaidi ya hapo anageuka mhutubu. Dai ratiba mapema na uhakikishe angalau nusu ya saa ni za mikono. Kila mwalimu aje na azimio la kazi na mada atakayofundisha wiki ya kwanza, siyo aje na kalamu tu. Semina ambayo projekta inawaka na walimu wanapiga picha slaidi ni hafla.

*Kinachobaki.* Ari, cheti kwenye faili, na marafiki wa shule nyingine. Ujuzi wenyewe huyeyuka usipotumika ndani ya wiki mbili hivi. Dawa yake ni kuweka nusu siku ya marejeo baada ya wiki nne, na kuijumuisha kwenye bei tangu mwanzo. Ukija kuiomba baadaye utaambiwa ni gharama mpya.

*Inapokwamia.* Kwa mwezeshaji anayejua kompyuta lakini hajawahi kusimama mbele ya watoto 60. Vilevile kwa ile tabia ya kumtuma mwalimu mmoja ili arudi kuwafunza wengine: kinachofika shuleni ni slaidi, na saa yenyewe ya kuzisoma haipatikani. Ikilazimu kutuma, tuma wawili wa masomo tofauti, na wadaiwe kurudi na mazoezi mawili ya kufanyisha wenzao.

*Inamfaa nani.* Shule inayoanza kabisa, yenye walimu waoga wa teknolojia, na yenye fedha kidogo ya kuchezea. Mwoga anahitaji mtu wa kukaa pembeni yake siku ya kwanza, na hilo kozi ya mtandaoni haiwezi.

Jumuiya ya kujifunza ya shuleni

*Gharama na muda.* Fedha ni ndogo, yaani bando na karatasi. Muda ni mrefu: saa moja kwa wiki baada ya vipindi, kwa wiki sita hivi, ili kufika pale semina inapodai kufika kwa siku mbili. Mazungumzo ya maandishi hula data kidogo sana. Kinachomaliza bando ni video.

*Vifaa na mtandao.* Vishikwambi viwili au vitatu vinatosha kundi la watu sita hadi kumi. Hata penye mtandao wa shida, kama sehemu za Longido, Ngorongoro au milimani Same, njia hii haifi. Mwalimu mmoja anauliza maswali akiwa mjini Jumamosi, ananakili majibu, na kikao cha Jumatano kinakuwa cha kukosoa kwa kalamu nyekundu. Shule yenye kompyuta mpakato ya RAM ya GB 8 inaweza pia kupakua modeli ndogo ya akili mnemba mara moja, faili la GB 2 hadi 3, na kuiendesha bila intaneti kwa programu ya bure kama Ollama. Ila modeli ndogo hizo Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Zinafaa zaidi masomo ya sekondari yanayofundishwa kwa Kiingereza.

*Mazoezi.* Hapa jumuiya inaziacha nyingine mbali, mradi iwe na mpango. Mfano wa wiki sita: wiki ya kwanza ni akaunti, kisha kila mwalimu anauliza swali ambalo jibu lake analijua kwa ukamilifu, aone programu inakosea vipi. Mwalimu wa Historia aulize habari za mahali pake, mwalimu wa Kiswahili aulize ngeli. Wiki ya pili ni kuandika ombi zuri: darasa, idadi ya watoto, dakika, vifaa, lugha, na maneno yenyewe ya muhtasari wa somo yakiwa yamebandikwa ndani ya ombi. Usipobandika, programu itafuata mtaala wa kwingine, au ule wa zamani uliotangulia maboresho ya 2023. Wiki ya tatu ni maswali ya mtihani na mwongozo wa kusahihisha, watu wakibadilishana karatasi na kutafuta makosa. Wiki ya nne ni andalio la somo, na linafundishwa kweli wiki hiyohiyo, mwenzake akiwa amekaa nyuma ya darasa. Wiki ya tano wanarudi na kueleza kilichotokea. Mara nyingi shida huwa muda: programu hupanga shughuli tano kwenye kipindi cha dakika 40, kana kwamba watoto 62 hugawanyika kwenye makundi kwa sekunde. Wiki ya sita ni kazi za nyumbani na namna ya kuzitunga ili mtoto asiweze kuzinakili zima zima.

Jambo moja linalogharimu kidogo na kulipa sana ni daftari la makosa. Chukua kaunta buku moja, ikae ofisi ya walimu, ina safu tano: tarehe, somo, kilichoombwa, kilichokosewa, kiligunduliwaje. Safu ya mwisho ndiyo ya thamani. "Nilikokotoa mwenyewe", "nililinganisha na kitabu cha TET (Taasisi ya Elimu Tanzania)", "mwanafunzi aliuliza". Hilo la mwisho likijirudia, mjue ukaguzi wenu bado.

*Kinachobaki.* Kingi kuliko njia nyingine, kwa sababu kilichojifunzwa ni kazi yenyewe ya wiki, na aliyekwama ana mwenzake meza ya pili.

*Inapokwamia.* Kikao kinageuka kuwa kikao cha wafanyakazi: mkuu ana tangazo, mtaaluma ana matokeo ya mtihani wa mwezi, saa imekwisha. Kiongozi wa jumuiya anapata uhamisho na kila kitu kinaondoka naye. Na kubwa zaidi, kundi zima linaweza kuwa halijui, wakafundishana makosa kwa kujiamini. Hili la mwisho linatibika kwa kualika mkufunzi kutoka nje mara moja au mbili katika wiki sita. Kanda hii haina uhaba wa wakufunzi: Moshi kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge kinachoandaa walimu, na Tengeru kuna Chuo cha Ualimu Patandi kwa elimu maalumu pamoja na Taasisi ya Nelson Mandela kwa upande wa sayansi na teknolojia. Mkufunzi mmoja kwa saa mbili, akiwa ameshatumiwa kurasa za lile daftari, atafanya kazi ya maana.

*Inamfaa nani.* Shule yenye walimu wasiopungua sita walio tayari, na mkuu anayelinda ile saa moja isiguswe. Pasipo huyo mkuu, usianze.

Kozi ya mtandaoni

*Gharama na muda.* Ya Google kwa ajili ya walimu, Generative AI for Educators, inachukua saa mbili hivi na ni bure. Elements of AI ya Chuo Kikuu cha Helsinki, iliyoanza 2018, nayo ni bure, ni ndefu zaidi na inaingia ndani zaidi. Za kulipia hudai dola na kadi inayokubali malipo ya mtandaoni, kwa hiyo hakikisha hilo kabla ya kutangaza jina la kozi kwa walimu. Muda ni wa mwalimu mwenyewe, usiku, baada ya kusahihisha madaftari.

*Vifaa na mtandao.* Saa moja ya video kwa ubora wa kati hula kama nusu GB. Shusha ubora hadi 360, au soma maandishi ya somo badala ya kutazama. Simu inatosha kujifunza, haitoshi kuandikia andalio.

*Mazoezi.* Ndipo pembamba. Maswali ni ya kuchagua, na darasa la mfano lina watoto wachache, kila mmoja na kompyuta yake. Mwalimu wa Pasua au Ngarenaro inabidi ahamishe kila mfano mwenyewe, na shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo nusu ya mbinu zinaruka juu ya kichwa. Lugha nayo ni Kiingereza. Mwalimu wa sekondari atapita. Wa msingi anayefundisha kwa Kiswahili anabeba mizigo miwili.

*Kinachobaki.* Uelewa wa kwa nini. Mtu aliyemaliza kozi nzuri anajua kwamba programu hizi hutabiri maneno yanayofuata kutokana na yale zilizosomeshwa, ndiyo maana hukosea kwa sauti ileile zinayopatia. Semina nyingi hazifiki hapo.

*Inapokwamia.* Kuanza na kutomaliza. Walimu wawili au watatu wakikubaliana kozi moja na tarehe moja ya kumaliza, humaliza. Mmoja peke yake huishia somo la pili.

*Inamfaa nani.* Mwalimu anayejituma, anayesoma Kiingereza bila taabu, na yule mnayetaka awe kiongozi wa jumuiya.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Majina, alama na habari za afya za wanafunzi zisiingizwe kwenye programu hizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihusu shule pia. Andika Mwanafunzi 01, 02, na orodha ya majina ibaki kabatini.

Umri: mwongozo wa UNESCO wa 2023 unapendekeza miaka 13 kuwa kiwango cha chini cha kutumia programu hizi darasani. Sehemu kubwa ya watoto wa msingi wako chini ya hapo, kwa hiyo mafunzo ya walimu wa msingi yahusu mwalimu kutumia, siyo watoto kutumia.

Na asiwepo wa kuwauzia programu ya "kukamata" insha zilizoandikwa na mashine. OpenAI yenyewe, kampuni ya ChatGPT, ilikifunga kifaa chake cha kazi hiyo Julai 2023 kwa kutoaminika. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kimakosa kuwa za mashine. Watoto wetu wa kidato cha pili wako kundi hilohilo.

Uchague ipi

Shule ya msingi ya serikali, walimu wengi, bajeti karibu na sifuri: jumuiya. Anzeni na kundi moja la somo moja, Hisabati au Sayansi, ambako kosa linaonekana haraka. Ruzuku ya uendeshaji ina maelekezo yake, kwa hiyo msiipangie mafunzo kabla ya kuzungumza na Afisa Elimu Kata.

Shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza yenye kompyuta na mtandao wa kudumu: semina ya siku mbili Januari, ikifuatiwa na jumuiya. Mkitakiwa kuacha kimoja, acheni siku ya pili ya semina, msiache jumuiya.

Sekondari ya kata yenye mwalimu mmoja au wawili wenye hamu na wengine hawataki kusikia: wawili hao wachukue kozi ya mtandaoni pamoja mwezi huu, bando lilipiwe na shule. Wakimaliza, wafundishe kipindi kimoja kimoja mbele ya wenzao kwa andalio walilolikosoa, na lile lenye makosa libandikwe kando yake. Wasiotaka wataanza kuuliza wenyewe.

Shule ya pembezoni, mtandao wa kupanda kilimani: jumuiya ya karatasi, majibu yakiletwa kutoka mjini. Msikimbilie modeli ya kwenye kompyuta mpaka mpate mtu wa kuitunza.

Mwalimu wa ajira mpya asiye na shule inayomuunga mkono: kozi fupi ya bure, na mwenzake mmoja wa somo lilelile, hata akiwa shule nyingine, wa kubadilishana naye maswali kila Ijumaa.

Kata yenye shule nne au tano zinazofikika kwa mguu au bodaboda inaweza kuchangia mwezeshaji mmoja wa siku moja, walimu wanne kila shule, na kila shule kurudi na jumuiya yake. Walimu hao 16 hadi 20 wanatosha mwezeshaji mmoja. Akiomba kuongezewa hadi 40 ili bei ishuke, kataeni.